Kusoma vichekesho vya Wagiriki kwa Kigiriki chenyewe: anza na Theophrastus

Mtu akishamaliza sarufi ya msingi ya Kigiriki cha kale na kutaka kusoma vichekesho vya Athens, kwa kawaida humvamia Aristophanes, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha, moja kwa moja. Wengi hukwama kabla ya mstari wa mia. Sarufi yake si ngumu kupindukia, ila kila mstari unadai mambo manne kwa mpigo: msamiati wa jikoni na sokoni, mizani, majina ya wanasiasa wa mwaka ule tamthilia ilipoigizwa, na matusi ambayo kamusi inayaficha. Mimi hushauri utaratibu huu: Theophrastus kwanza, kisha Menander, mtunzi mwingine wa vichekesho, ndipo Aristophanes. Kwa tarehe tunarudi nyuma, lakini kwa ugumu ndio mpangilio wenye akili.

Theophrastus alizaliwa Eresos, kisiwani Lesbos, akasoma kwa Aristotle na kuirithi shule yake huko Athens. Kijitabu chake, Χαρακτῆρες, kina watu 30: chawa wa matajiri, mzushi, mshamba, mwoga, mshirikina, mzee anayeng'ang'ania mambo ya vijana, bahili na wenzao. Kila mmoja amepewa ukurasa mmoja hivi. Faida kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba kitabu kizima kinasimama juu ya muundo mmoja wa sentensi: fulani ni mtu wa namna hii, wa kufanya hivi (τοιοῦτός τις, οἷος), kisha vitenzi-jina vinafuatana, καί baada ya καί, hadi mwisho wa sura. Kwa hiyo kabla ya kufungua ukurasa, hakikisha unaitambua papo hapo miisho ya -ειν, -σαι, -σθαι na -ναι, pamoja na -ᾶν na -εῖν. Hiyo -εῖν ina mtego: φιλεῖν ni wakati uliopo wenye irabu zilizoungana, λαβεῖν ni aoristo (umbo la tendo linalotazamwa kwa ujumla, si kama linaloendelea). Asiyejua shina la kitenzi atayachanganya hayo mawili kila mara.

Tazama sura ya 10, ya mkono wa birika:

καὶ τῆς γυναικὸς ἐκβαλούσης τρίχαλκον οἷος μεταφέρειν τὰ σκεύη καὶ τὰς κλίνας καὶ τὰς κιβωτοὺς καὶ διφᾶν τὰ καλλύσματα.

Yaani mkewe akiangusha kisarafu cha khalko tatu, yeye ni wa kuhamisha vyombo na vitanda na masanduku, na kupekua takataka zilizofagiliwa. Maneno τῆς γυναικὸς ἐκβαλούσης yako katika uhusika milikishi uliojitegemea, hauna nomino ya kumiliki. Wanaoanza huufungamanisha na τρίχαλκον, wakapata "sarafu ya mke", na kuanzia hapo sentensi haiendi popote. Kinga yake ni rahisi: ukiona nomino na patisipo (umbo la kitenzi linalobadilika kama kivumishi) vyote katika uhusika milikishi, jaribu kwanza kusoma "fulani akifanya jambo fulani", ndipo utafute umiliki.

Halafu hesabu. Khalko 8 ni oboli 1, oboli 6 ni drakma 1, drakma 100 ni mina 1, na mina 60 ni talanta 1. Khalko tatu basi hazifiki hata nusu oboli, na nyumba nzima imepinduliwa! Jedwali hilo liandike ndani ya jalada la daftari, kwa sababu utani mwingi wa Theophrastus ni utani wa bei, na asiyejua bei hacheki. Kitenzi διφάω nacho kiweke akiba. Utakutana nacho tena kwa Aristophanes katika mstari wa 192 wa tamthilia yake Mawingu, pale wanafunzi wa Socrates wanapoinama kupekua giza la kuzimu: ἐρεβοδιφῶσιν.

Tahadhari moja kuhusu matini yenyewe. Dibaji inayotangulia sura ya 1 si ya Theophrastus. Inamfanya aseme ana umri wa miaka 99, wakati Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa maisha ya wanafalsafa, anaeleza kwamba alikufa akiwa na 85. Maneno ya mafunzo yaliyobandikwa mwishoni mwa baadhi ya sura, kama ya 1 na ya 8, nayo ni nyongeza za baadaye, na wahariri wengi siku hizi wanazishuku hata fasili fupi zinazofungua kila sura. Sura zenyewe zimetufikia vipande vipande: miswada miwili mikongwe iliyoko Paris inaishia ya 15, na kuanzia ya 16 tunategemea mswada wa Vatikani wa karne ya 13. Kwa hiyo jifunze alama za wahariri mapema. Mabano ya pembe < > ni kilichoongezwa, mabano ya mraba [ ] ni kinachotakiwa kufutwa, na misalaba † † ni mahali palipoharibika. Usipoteze jioni nzima ukihangaika na sarufi ya maneno yaliyo kati ya misalaba. Toleo la James Diggle (Cambridge, 2004) linaeleza kila sehemu ya namna hiyo, japo ni nene kuliko anachohitaji anayeanza.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wenye Kigiriki wamekipata katika vyuo vya theolojia, yaani Kigiriki cha Agano Jipya. Mtaji huo unatosha kuanzia. Mtakachokutana nacho kipya ni -ττ- badala ya -σσ- (θάλαττα), uwili, yaani umbo la vitu viwili (δυοῖν), na hali ya optativo, ile ya kutamani au kudhania, iliyo hai kabisa. Na kuna mstari mmoja wa vichekesho mnaoujua tayari: 1 Wakorintho 15:33, "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema." Unahesabiwa kuwa ni wa Menander, kutoka tamthilia iitwayo Thais. Upimeni:

φθείρουσιν ἤθη χρήσθ' ὁμιλίαι κακαί

Mizani ya shairi letu ni idadi ya silabi. Hapa kinachopimwa ni urefu wake: nafasi 12 katika mafungu matatu, kila fungu likiwa na silabi ya kwanza huru (ndefu au fupi), kisha ndefu, fupi, ndefu. Ukisoma χρηστὰ ὁμιλίαι kwa ukamilifu, kama matoleo mengi ya Biblia ya siku hizi yanavyoandika, unapata silabi 13 na mstari unachechemea. Irabu ya χρηστά lazima idondoke. Waliozoea tenzi za Homer wakumbuke jambo jingine: katika vichekesho, konsonanti kama π au τ ikifuatwa na ρ au λ kwa kawaida hairefushi silabi iliyotangulia, kwa hiyo πα- ya πατρός ni fupi.

Kwa Menander, anza na Dyskolos, iliyoshinda mwaka 316 KK na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1958 kutoka kwenye mafunjo. Tatizo lake kuu ni nani anasema. Mafunjo huonyesha mabadiliko ya msemaji kwa kistari chini ya mwanzo wa mstari na nukta mbili katikati, na mara nyingi jina halipo. Majina unayoyaona pembeni mengi ni uamuzi wa mhariri, na una haki ya kuubishia. Zingatia pia vijineno kama γε, δή, τοι na μέντοι. Ukivifasiri vyote kwa "hakika", mazungumzo ya kijana na mtumwa wake yanageuka hotuba ya bungeni. Jaribu "ati", "si", "kwani", "basi".

Aristophanes sasa. Kati ya tamthilia zake 11 zilizosalia, anza na Plutos ya mwaka 388 KK: nyimbo za kwaya ni chache, siasa kidogo. Walimu wa Byzantium nao waliiweka pamoja na Mawingu na Vyura katika tamthilia tatu za shuleni. Ukiona ι yenye mkazo mwishoni mwa kionyeshi, kama οὑτοσί au ταυτί, mwigizaji ananyoosha kidole: huyu hapa, haya hapa. Andika pembeni anaonyesha nini, la sivyo utapoteza nusu ya jukwaa.

Viapo navyo vina jinsia. Νὴ Δία (kwa Zeus) ni kukubali na μὰ Δία kukataa, lakini τὼ θεώ, yaani miungu wawili wa kike, Demeter na bintiye, ni kiapo cha wanawake wa Athens. Ndiyo maana katika tamthilia yake Ekklesiazusai mwanamke anayefanya mazoezi ya kuhutubia kama mwanamume anakemewa mara tu anapoapa μὰ τὼ θεώ. Lampito wa Sparta, katika tamthilia yake Lysistrata, hutamka ναὶ τὼ σιώ na anamaanisha miungu pacha Kastor na Polydeukes. Hiyo σ mahali pa θ si kosa la chapa, ni lahaja yake, na watazamaji wa Athens walikuwa wakimcheka kwa hilo.

Kuhusu matusi, kamusi kubwa ya Liddell na Scott huyafasiri kwa Kilatini, au huandika tu kwamba maana ni chafu. Matoleo ya shule ya zamani yalikata mistari kabisa, kwa hiyo namba za mistari zikiruka, jua kuna kilichoondolewa. Cambridge Greek Lexicon ya 2021 haioni haya.

Nyimbo za kwaya ziache mpaka mazungumzo yote ya tamthilia hiyo yameeleweka. Zina mizani nyingine, mpangilio wa maneno uliopindwa, na maneno marefu yaliyoundwa kwa siku ile moja ya mashindano. Ukizirudia mwishoni, angalau utakuwa unajua kwaya inamkasirikia nani.