Jiwe Kubwa Nyuma ya Nyumba Halikurushwa na Volkano

Mvua zikikaribia, malalamiko kuhusu mawe makubwa ya vilimani Mwanza huongezeka, na mengi huja na dhana ileile: yalirushwa na volkano, au yaliachwa na ziwa lilipopungua. Hapana. Yameumbika hapohapo yalipo.

Mawe hayo ni graniti, mwamba mgumu, na graniti ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Iliganda chini sana ardhini, kisha ikapata nyufa zilizokatana. Maji ya mvua, yakiwa na kaboni dayoksaidi na asidi za majani yaliyooza, yakapenya humo na kubadili madini ya graniti: feldispa ikageuka udongo wa mfinyanzi, ulanga mweusi ukaacha kutu, kwatzi ikabaki mchanga. Pembe za kila kipande cha mwamba kati ya nyufa huliwa kutoka pande mbili tatu kwa pamoja, ndiyo maana mawe yaliviringika yakiwa bado ardhini. Baadaye mvua zikazoa kilicholainika, mawe yakabaki wazi, mengine yamepandana. Jiwe la Bismarck pale ziwani ni matokeo ya kazi hiyohiyo.

Sasa, changarawe ile mnayoichimba chini ya jiwe ili kupanua kiwanja ni graniti iliyooza, na ndiyo inayolishikilia. Kumwaga zege mbele yake hakurudishi kilichotolewa, hata fundi akisema nini. Mvua yenyewe huongeza uzito wa udongo na kupunguza mshiko wake.

Kuchoma matairi juu ya jiwe ili kulipasua nako kuna hatari: ngozi ya nje hutanuka kabla ya ndani, hubanduka, na nyufa mpya hupokea maji.

Anayevunja mawe kwa biashara anahitaji leseni ya uchimbaji mdogo kutoka Tume ya Madini, kupitia Afisa Madini Mkazi. Leseni hiyo ni ya Watanzania. Baruti ina kibali chake cha pekee. Leseni ya uchimbaji haitoshi. Kuchimba bila leseni ni kosa la jinai, lenye faini, kifungo au vyote viwili. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Ikiwa ardhi ina mmiliki, ambatisha ridhaa yake ya maandishi kwenye ombi la leseni. Barua ya jirani kwamba "hapa tumechimba miaka yote" si ridhaa.