Maziwa ya Hanford na Kumbukumbu za Akina Mama

Mimi ni mtaalamu wa epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, na nimeshaketi katika mikutano ambayo wanakijiji waliitwa siku ya mwisho, majedwali yakiwa yamekwisha kuchapishwa, ili wasomewe matokeo na kupewa soda. Nikiulizwa kwa nini watu wanaoishi jirani na mitambo ya nyuklia washirikishwe tangu swali la utafiti linapotungwa, huwa naanza na habari ya maziwa.

Mitambo ya Hanford, kando ya mto Columbia katika jimbo la Washington nchini Marekani, ilianza kujengwa mwaka 1943 ili kuzalisha plutoniamu, ambayo sehemu yake iliingia katika bomu lililoangushwa Nagasaki. Fueli iliyokwisha kutumika ilipoyeyushwa kwa asidi ili plutoniamu itenganishwe, gesi ya ayodini-131 ilitoka kupitia dohani. Inakadiriwa kuwa zaidi ya kyuri 700,000 (kyuri ni kipimo cha mionzi) zilitoka, nyingi zikiwa za kati ya mwaka 1944 na 1947. Upepo uliipeleka ayodini hiyo kwenye malisho, ng'ombe wakaila pamoja na majani, ikaingia katika maziwa, na mtoto aliyeyanywa akaikusanya katika tezi iliyo shingoni, ambayo haiwezi kutofautisha ayodini salama na ile yenye mionzi. Wakazi hawakuelezwa lolote hadi Februari 1986, ambapo shinikizo la wananchi na waandishi wa habari lilisababisha kurasa zipatazo 19,000 za nyaraka za serikali kuwekwa wazi.

Hapo ndipo ugumu wa kitaalamu ulipoanza. Ayodini-131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8 hivi, kwa hiyo miaka 40 baadaye hakuna kipimo cha damu wala cha udongo kinachoweza kuonyesha ni kiasi gani kilimfikia mtoto fulani. Kilichobaki ni hesabu za upepo, kumbukumbu za uzalishaji, na kumbukumbu za watu. Watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, kwa agizo la Bunge la Marekani la mwaka 1988, waliwatafuta watu waliozaliwa kati ya 1940 na 1946 katika wilaya za mashariki mwa jimbo hilo, wakawapima zaidi ya 3,400, na wakawapigia simu mama zao, ambao wengi walikuwa wazee, kuwauliza mtoto alikunywa maziwa kiasi gani na yalitoka wapi. Ng'ombe wa nyumbani au wa kiwanda? Alikula majani mabichi au makavu? Maziwa yalikuwa ya mbuzi, ambayo hubeba ayodini nyingi zaidi? Aliyekulia mjini anaweza kuandika dodoso zuri sana akasahau kuuliza mambo hayo, lakini aliyekamua ng'ombe hawezi.

Samaki nao walikuwa na hadithi yao. Vinu vya Hanford vilipoozwa kwa maji ya mto yaliyorudishwa mtoni, na watu wa mataifa ya asili kama Yakama na Nez Perce hula samaki kwa wingi kuliko Mmarekani wa kawaida. Uchunguzi uliofanywa na tume ya mataifa hayo yenyewe mwaka 1994, ingawa haukuhusu Hanford peke yake, ulikuta wastani wa gramu 58.7 kwa siku, wakati makadirio ya kitaifa yaliyokuwa yakitumika yalikuwa gramu 6.5. Mtafiti anayetumia wastani wa taifa kwa familia hizo anakosea karibu mara 9 kabla hajaanza kujumlisha.

Matokeo ya awali kuhusu tezi yalitangazwa Januari 1999: hakukuonekana uhusiano kati ya kiasi cha mionzi na maradhi. Watu waliojaa ukumbini walikasirika, na kwa maoni yangu hasira hiyo ilikuwa na msingi wa kisayansi. Kiasi cha mionzi kwa kila mtu kilikuwa makadirio, na makadirio yenye makosa mengi hufifisha uhusiano hata pale unapokuwepo, kama vile mizani iliyolegea inavyoweza kufanya mafungu mawili tofauti ya mchele yaonekane sawa. Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipoupitia utafiti huo liliusifu muundo wake, lakini likasema kuwa uwezo wake wa kugundua madhara ulikadiriwa kupita kiasi. Ripoti ya mwisho ya mwaka 2002 ilibaki na hitimisho lilelile, na mimi sidai kuwa ni la uongo. Ninachosema ni kwamba habari ya mizani ilipaswa kujadiliwa na wakazi kabla ya kupimwa mtu wa kwanza.

Wafaransa walijaribu njia nyingine huko La Hague, penye kiwanda cha kuchakata fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika, ambako mwaka 1997 utafiti kuhusu saratani ya damu kwa vijana ulizua mzozo mkubwa. Liliundwa kundi lililowaketisha pamoja wataalamu wa serikali, wa kampuni na wa vyama vya kiraia, wakakagua hesabu zilezile, na wenye shaka wakaruhusiwa kuiandika. Kazi ilikuwa ya polepole na yenye ubishi mwingi, nami naipenda kwa sababu hiyo.

Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujengewa kinu cha nyuklia. Popote kinu cha kwanza cha Kenya kitakapowekwa, ningeshauri daftari la afya lifunguliwe miaka kadhaa kabla ya msingi kuchimbwa, na maswali yake yaandikwe pamoja na wavuvi na wake zao: nani anakunywa maji ya kisima kipi, tafi na changu huliwa mara ngapi kwa wiki, na kichwa cha samaki hupikwa mchuzi au hutupwa.