Je, Wajua? Bastola Nyingi za "Kifaransa" za Mfukoni Zilitoka Ubelgiji

Kwenye minada ya vitu vya kale huko Ufaransa huonekana mara kwa mara bastola ndogo ya silinda, ya kutosha kiganjani, yenye kifyatulio kinachokunjwa kwenda mbele ili kisinase mfukoni. Ukingoni mwa kila tundu la silinda pana mkato mdogo. Muuzaji huiita Lefaucheux, na mnunuzi huondoka akiamini amenunua kazi ya karakana ya Paris. Mara nyingi sivyo.

Casimir Lefaucheux, fundi wa bunduki wa Paris, alisajili hataza (haki ya uvumbuzi) ya risasi yake mwaka 1835. Mwanawe Eugène akaiingiza kwenye bastola ya silinda mwaka 1854, na jeshi la majini la Ufaransa likaanza kuitumia bastola hiyo mwaka 1858. Risasi yenyewe ni ya ajabu kidogo: ubavuni mwake, karibu na kitako, huchomoza pini. Ile mikato ya silinda ni njia ya pini hizo. Nyundo ya bastola hushuka kutoka juu na kuigonga pini, nayo pini hugonga fataki iliyo ndani ya ganda, na baruti huwaka. Ganda hutanuka na kuziba nyufa, gesi isimrudie mpigaji usoni. Kwa enzi ile hayo yalikuwa maendeleo makubwa, ingawa risasi inayoweza kulipuka kwa kuangukia pini yake si kitu cha kutembea nacho mfukoni kwa amani.

Basi "Lefaucheux" likawa jina la mfumo mzima, na hapo ndipo kosa linapozaliwa. Mfumo huo ulinakiliwa kila mahali, hasa Liège, mji wa Ubelgiji ambako mafundi wengi walifanyia kazi nyumbani: huyu anachonga kasiba, yule silinda, mwingine anaunganisha. Bidhaa ilikuwa rahisi na ilivuka mpaka kwa wingi. Hata maandishi ya Kifaransa juu ya chuma hayathibitishi kitu, kwa kuwa Liège nako huzungumzwa Kifaransa. Neno "breveté" nalo linadai tu kwamba kuna hataza. Halisemi nani alishika tupa.

Kinachosema zaidi ni alama isiyozidi punje ya mchele, kwa kawaida kwenye silinda: duara la yai lenye herufi ELG na nyota chini yake. Huo ni muhuri wa majaribio wa Liège. Kila silaha ilipelekwa kwenye nyumba ya majaribio, ikajazwa baruti nyingi kuliko kawaida, ikafyatuliwa. Isiyopasuka wala kuvimba ilipigwa muhuri. Ufikirie muhuri wa mkaguzi kwenye paja la ng'ombe buchani: haukuambii ng'ombe alifugwa na nani wala kama nyama yake ni laini, ila unakuambia alikaguliwa, na alikaguliwa machinjio gani. Na kama vile mchinjaji wa Dodoma asivyohangaika kupeleka nyama ikakaguliwe Mombasa, ELG kwenye bastola inaelekeza Liège, hata kama karibu nayo pameandikwa jina la duka la Paris. Dukani ilifika baadaye.

La kuchekesha ni kwamba muhuri huu unaoiumbua bastola kuwa si ya Kifaransa ulianzishwa na amri ya Napoleon ya mwaka 1810, Liège ilipokuwa chini ya Ufaransa.

Muhuri huohuo unatoa pia umri. Mwaka 1893 uliongezewa taji juu. Bastola isiyo na taji ilijaribiwa kabla ya hapo. Yenye taji ni ya mwaka huo au baadaye. Hili lina uzito wa pesa, kwa sababu sheria za Marekani huhesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa kufikia 1898, na Ufaransa nayo huweka mpaka wake kwenye mwaka 1900. Bastola zenyewe ziliendelea kutengenezwa muda mrefu baada ya mfumo wa pini kupitwa na wakati, kwa hiyo umbo peke yake si ushahidi wa umri.

Zilizotoka kwa Eugène Lefaucheux mwenyewe hutafutwa kwa jina lake na herufi LF zinazoambatana na namba. Hizo hupanda bei. Ya kawaida, ya risasi za milimita 7, isiyo na jina, huuzwa kwa euro mia moja hadi mia chache, kutegemea kama kifyatulio kinashika, silinda haichezi, na fimbo ya kusukumia maganda haijapotea. Anayeisugua ing'ae huifutia mihuri na bei pamoja.

Halafu historia huingia na kuvuruga mizani yote. Mwaka 2016, Paris, bastola ya milimita 7 ambayo mshairi Verlaine alimpigia mshairi mwenzake Rimbaud huko Brussels mwaka 1873 iliuzwa euro 434,500. Mwaka 2019 ikauzwa nyingine, iliyookotwa shambani Auvers-sur-Oise, karibu na Paris, inayodhaniwa kuwa ndiyo mchoraji Van Gogh alijipigia mwaka 1890. Ushahidi wake ni mahali ilipookotwa, ukubwa wa risasi na muda ambao kutu ilionekana kuila. Haitoshi kuapa mahakamani. Ilikuwa imeliwa kiasi kwamba kwa vigezo vya hali ya silaha isingepata hata hiyo euro mia. Ilifika euro 162,500.