Kukabidhi mifumo ya TEHAMA kwa mkandarasi: nini hufanya ifanikiwe?

Kampuni inapolipa kampuni nyingine iiendeshee seva, hifadhidata, mfumo wa mishahara au dawati la msaada, tunasema imekabidhi mifumo yake kwa mkandarasi. Kazi inatoka, dhamana inabaki. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa mfano, inamtaka mwenye data, yaani kampuni inayokabidhi kazi, awe na mkataba wa maandishi na anayemchakatia, na mchakataji afuate maelekezo ya mwenye data tu.

Kodak ya Marekani, kampuni ya kamera na filamu, ndiyo iliyoupa mtindo huu heshima. Mwaka 1989 iliiachia kampuni ya kompyuta ya IBM vituo vyake vya data, na wafanyakazi wengi wakahamia huko pamoja na kazi zao. Makampuni mengine makubwa yakafuata.

Ninavyoona mimi, jambo linaloamua zaidi ni nani wamebaki ndani. Ukiwatoa wataalamu wote, hatabaki mtu wa kuisoma ankara ya mkandarasi na kuuliza kwa nini mabadiliko madogo ya ripoti yametozwa siku kumi za kazi. Wachache wanaoujua mfumo na kuijua biashara wanatosha, ila wawe na mamlaka ya kukataa.

Halafu kuna mkataba wenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukua kipengele kinachosema mfumo upatikane kwa asilimia 99.5 ya mwezi. Kinavutia masikioni. Mwezi wa siku 30 una saa 720, kwa hiyo mkandarasi ameruhusiwa saa 3 na dakika 36 za mfumo kuzimika. Zikiangukia usiku wa Jumapili, hakuna atakayejua. Zikiangukia asubuhi ya siku ya mishahara, wateja watajaa kaunta na mkandarasi atakuwa hajavunja mkataba hata kidogo. Ndiyo maana kipimo kitaje saa za kazi na siku za msongamano, na faini iandikwe humo humo.

Biashara nayo hubadilika kabla mkataba haujaisha. Mwishoni mwa 2002 benki ya JPMorgan Chase ilitangaza mkataba wa miaka 7 na IBM, wenye thamani ya dola bilioni 5. Mwaka 2004 iliungana na Bank One, ikauvunja, ikarudisha kazi ndani. Benki ya ukubwa ule ina uwezo wa kujinasua hivyo. Kampuni ndogo haina, kwa hiyo masharti ya kuachana yakubaliwe siku ya kusaini: nani anamiliki msimbo wa programu, nakala ya data itatolewa kwa muundo gani na ndani ya siku ngapi, nywila za juu, zile za kuutawala mfumo wote, zinatunzwa na nani, na jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani. Hilo la mwisho likaguliwe leo hii, hata kama mnaelewana vizuri na mkandarasi wenu.