Sintaringi ya boksaiti maana yake nini

Wengi wakisikia sintaringi wanajua ni kuyeyusha, hapana bana, ukiyeyusha umeshaharibu. Ni kuchoma unga ulioshindiliwa mpaka chembe zishikane zenyewe huku kipande kikibaki na umbo lake, vitundu vya hewa vinabanwa, kipande kinasinyaa na densiti, yaani uzito kwa ujazo, inapanda. Hata wafinyanzi wa vyungu wanaigusa kidogo, ila moto wao ni mdogo.

Sasa boksaiti, lile jiwe linalotoa alumini, ina vituko. Jiwe bichi lina maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, si unyevu tu wa kuanika juani, na yanatoka likishapita nyuzi 300 hivi za Selsiasi mpaka 500 na kitu, na ile yenye gibsaiti nyingi (madini ya alumini yaliyofunga maji mengi) inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya uzito. Ukifyatua tofali la unga mbichi ukalitia tanurini litasinyaa hovyo na kupasuka, ndo maana wanachoma boksaiti peke yake kwanza, kama wanavyofanya Linden kule Guyana kwenye tanuri refu linalozunguka, halafu ndo inasagwa na kufyatuliwa tofali za kuzuia moto.

Utamu uko hapa. Alumina, yaani oksidi ya alumini iliyomo kwenye jiwe, inageuka fuwele ngumu ya korandamu, densiti kama gramu 3.98 kwa sentimita ya ujazo, ila silika iliyomo (ile ile ya mchanga) inaikamata sehemu ya hiyo alumina na kuzaa madini mengine, mulaiti, ambayo ni kama 3.16 tu, yaani nyepesi na inataka nafasi, kwa hiyo kwenye nyuzi 1300 mpaka 1500 tofali lililokuwa linasinyaa linaweza kugoma au hata kuvimba, wewe unaongeza moto na densiti inashuka! Ukipanda zaidi, chuma, titani na potashi vinatoa majimaji kidogo kama kioo, yanajaza vitundu na densiti inapanda tena. Yakizidi lakini, tofali litalainika likibebeshwa mzigo kwenye joto, kwa hiyo mimi densiti kubwa peke yake hainidanganyi.

Kupima densiti na vitundu ni rahisi. Tuseme kipande kikavu ni gramu 310, kichemshe majini kishibe, kining'inize ndani ya maji usome 220, kitoe ufute juu usome 320. 320 toa 220 ni sentimita za ujazo 100 kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, 310 gawa kwa 100 densiti ni 3.1, na maji yaliyoingia gramu 10 ni vitundu wazi asilimia 10. Vile vilivyozibwa ndani kabisa maji hayavioni, hivyo mpaka usage kipande kiwe unga ndo uvipate.