"Nimeweka nane, inasoma tatu": dhana potofu kuhusu ramu za kompyuta za mezani

Msimu wa korosho ukikaribia, meza yangu hapa Chikongola, Mtwara, hujaa kompyuta za mezani. Makarani wa vyama vya msingi wanataka mashine ziwe tayari kabla minada haijaanza Oktoba, wenye steshenari wanataka kuchapa bila kumsubirisha mteja, na wengi wao wameshaongeza wenyewe ramu, ile kumbukumbu ambayo mashine huitumia ikiwa kazini. Wakifika, neno ni lile lile: "Fundi, nimeweka nane, inasoma tatu." Kabla ya kunifikia wameshaambiwa mengi mtaani, na mengi kati ya hayo yamewatoa hela za bure. Ndiyo maana naandika.

Jambo la kushika ni moja: kiasi kinachokosekana ndicho kinachokuonyesha ugonjwa ulipo. Shika kitufe cha Windows, bonyeza Pause, usome mstari wa ramu. Utaona namba ya ramu iliyofungwa na, kama kuna iliyozuiwa, pembeni yake namba ya inayotumika. Ziandike zote mbili kabla hujafungua hata skrubu moja.

"Umeuziwa ramu feki"

Hili husemwa la kwanza, na mara nyingi si kweli. Iliyofungwa ikisomeka GB 8 na inayotumika ikawa kama 3.2 au 3.4, kwanza itazame windo yenyewe, yaani Windows iliyomo kwenye mashine. Karibu kila mara utakuta imepigwa ya biti 32.

Chukua mfano wa ghala la korosho. Karani ana daftari ambalo namba za magunia zinaishia mahali fulani. Magunia yakizidi hapo, yamo ghalani na unayaona kwa macho, lakini hayana namba, kwa hiyo hakuna wa kuyaita wala kuyatoa. Windo ya biti 32 ina namba 4,294,967,296, kila baiti na namba yake, na hizo ni GB 4 basi. Tena namba za mwishoni hazipewi ramu. Huchukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine vya kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine. Ndiyo maana hata mwenye GB 4 tu anaona tatu na ushee.

Dawa yake ni kupiga windo ya biti 64. Haipandishwi juu ya ile ya 32, inapigwa upya, kwa hiyo hamisha mafaili yako kwanza. Nasisitiza hilo kwa sababu nimeshaona hesabu za msimu mzima zikifutika mtu akikimbilia ramu. Angalia na toleo pia: Windows 7 Home Basic ya biti 64 haivuki GB 8, na Home Premium haivuki 16. Kama una Windows 11, hii sura haikuhusu, maana haina toleo la biti 32.

"Ikiingia kwenye sloti, imekubali"

Hapa ndipo watu wa kwetu wanapoumia zaidi, maana mashine nyingi zinazotufikia ni used na zina umri mkubwa. Pengo lililo kwenye meno ya ramu linakuambia aina tu: DDR2 haiingii kwenye sloti ya DDR3 kwa sababu mapengo yao hayalingani. Halikuambii kama mazabodi inaweza kuhesabu ukubwa huo.

Mazabodi yenye chipseti (chipsi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) ya Intel 945 mwisho wake ni GB 4. Tena haiwezi kuipa namba mpya ile ramu iliyofunikwa na vifaa, kwa hiyo hata upige biti 64 utabaki na tatu na ushee. Mwenye mashine hiyo namwambia asinunue kitu, aweke hela yake akiba.

Ya G41 inafika GB 8, ila ina tabia yake. Ramu ya DDR3 ya GB 4 yenye chipsi 16, nane kila upande, inaikubali. Ile ya GB 4 yenye chipsi 8 tu inaweza kuisoma nusu, au isiwake kabisa. Kijana mmoja alishuka na basi la alfajiri kutoka Tandahimba, ramu mpya imefungwa kwenye leso. Nilipoigeuza, upande mmoja ulikuwa na vipande vyeusi vinane, upande wa pili mtupu. Tuliichomeka, mashine ikalia pii, pii, skrini nyeusi. Nikamtolea mbili za zamani kwenye droo, zenye kumi na sita kila moja, zikasoma GB zote nane. Alikuwa ameambiwa kwamba mpya ndiyo bora. Kwa hiyo ukiwa dukani, geuza ramu uhesabu chipsi kabla hujatoa hela.

Na zile za seva zinazouzwa kwa bei ya kutupa, zenye chipsi nyingine ya ziada katikati, ziache. Kompyuta ya kawaida ya mezani haiwashi nazo.

Kuna pia mazabodi zenye uwezo wa kuihamisha ramu iliyofunikwa, ila kipengele chenyewe kimezimwa. Ingia kwenye bayosi, programu ya mazabodi inayoamka kabla ya windo, utafute maneno "Memory Remap", ukiwashe.

"Nusu imepotea, basi ramu moja imekufa"

Umefunga mbili za GB 4, na hata namba ya iliyofungwa inasema 4. Hapo windo haina kosa. Huenda ramu imekufa kweli, lakini usiizike kabla hujaipima. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla hujagusa ramu. Jaribu ramu moja moja kwenye sloti ile ile, halafu ramu moja ile ile kwenye kila sloti. Tatizo likihama na ramu, ramu ni mbovu. Likibaki kwenye sloti, shida ni sloti.

Mtwara tunakaa na bahari. Mashine za Shangani na Mikindani nikizifungua, skrubu za kasha zina kutu na meno ya ramu yamefifia. Chukua kifutio cheupe cha penseli, sugua taratibu kwa kufuata urefu wa meno, pangusa na spiriti safi, subiri ikauke, kisha irudishe mpaka vibanio vya pembeni vilie ka! Ikikaa upande hata kidogo, haisomwi. Msasa usiuguse. Unakwangua dhahabu iliyopakwa kwenye meno, na mwezi haupiti utarudi na ugonjwa ule ule.

Likibaki kwenye sloti na sloti ni safi, tazama chini ya prosesa. Kwenye prosesa za Intel tangu Core i7 za mwanzo, mwaka 2008, kazi ya kuongoza ramu ilihamia ndani ya prosesa yenyewe. Kipini kimoja kilichopinda kwenye soketi kinaweza kuzima upande mzima wa ramu. Feni iliyokazwa upande mmoja kuliko mwingine nayo inatosha kuleta shida hiyo hiyo.

"Kirusi kinakula ramu"

Kama pengo ni dogo, 8 ikawa 7.9 au 7.5, huyo si kirusi. Ni picha ya skrini. Mashine isiyo na kadi ya picha ya pembeni hukopa ramu kuu. Kiasi kingine kinaweza kupunguzwa kwenye bayosi, ila kwa kazi za ofisi sioni sababu ya kuhangaika nacho.

Kuchanganya ramu za kasi tofauti nako hakupunguzi GB. Zikikubaliana, zote hufuata ile ya polepole.

"Weka tiki kwenye msconfig, itafunguka"

Ushauri huu unasambaa kwenye simu za vijana, nao unafanya kinyume kabisa cha kinachosemwa. Ndani ya msconfig, programu ya mipangilio iliyomo kwenye windo, kwenye mambo ya kuwasha mashine, kuna kisanduku kimeandikwa "Maximum memory". Kile ni kizuizi. Ukitia tiki na namba, unaiambia windo isivuke hapo.

Mama mmoja mwenye steshenari Mikindani aliniletea mashine yake kwenye bajaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuletea mgonjwa. Namlisha, hanenepi."

Iliyofungwa GB 8, inayotumika haifiki 4, na windo ni ya biti 64. Nikafungua msconfig mbele yake: tiki ipo, na namba 4096, yaani GB 4. Mwanawe aliiweka wakati mashine ina GB 4, akasahau, wakaongeza nyingine. Nikatoa tiki, nikawasha upya. Ikasoma 7.88. Mama alivuta kiti akakaa karibu na skrini, akaisoma namba ile kwa sauti mara mbili, kisha akatoa kwenye mkoba ramu nyingine ya tatu, bado imo kwenye pakiti, aliyoinunua juzi yake akidhani zile mbili hazitoshi. Nikamwambia asiifungue. Tukatafuta risiti pamoja.