Kituo cha anga hakipiti patupu

Jioni pale Dunga, ufukwe wa Kisumu, kabla wavuvi wa omena hawajawasha taa zao, mara nyingine nukta nyeupe isiyometameta hukatiza juu ya ziwa. Ni Kituo cha Kimataifa cha Anga. Watoto huniuliza kinaendaje, na kabla sijafungua mdomo watu wazima wameshajibu. Mengi wanayosema si kweli.

Dhana: Kule juu hakuna kitu.

Ukweli: Kituo huzunguka kilomita 400 hivi juu yetu, ndani ya ayonosfia, tabaka la juu la hewa. Huko miale mikali ya jua hung'oa elektroni kwenye atomi, hasa za oksijeni, na mchanganyiko wa elektroni na ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, ndio plazima. Kituo huipasua kwa karibu kilomita 8 kwa sekunde. Ioni haziwezi mbio hizo, kwa hiyo nyuma yake hubaki pengo, kama maji yanavyochelewa kujifunga nyuma ya boti ya injini.

Dhana: Plazima ni moto, ingekiyeyusha.

Ukweli: Elektroni zake hupita nyuzi 1,000, ila ni chache mno kupasha chuma joto.

Dhana: Hakijagusa ardhi, basi umeme haukihusu.

Hii naisikia zaidi, na naielewa, maana sisi wa kando ya ziwa tumekua tukiogopa radi.

Ukweli: Paneli za sola za kituo hufanya kazi kwa volti 160 hivi. Upande wake chanya hunyonya elektroni kutoka kwenye plazima, na ioni, kwa uzito wao, haziji kwa wingi wa kusawazisha. Mwili mzima wa chombo, mita 109, huwa hasi. Ngozi yake ya aluminiamu ina utando mwembamba usiopitisha umeme. Volti zikizidi, utando hutoboka na cheche huruka, hatari kubwa kwa mwanaanga anayefanya kazi nje. Fundi wa stima wa Kondele angezika fimbo ya shaba ardhini ili umeme wa ziada upate pa kwenda. Kule juu kuna mitambo inayotoa gesi ya zenoni iliyogeuzwa plazima, na elektroni za ziada hupitia humo kurudi nje. Plazima yenyewe ndiyo ardhi yao.

Na umeme wa huko si wa mchezo: mwaka 1996 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilifungulia setilaiti kwa kamba ya umeme ya karibu kilomita 20. Kamba ilipokatiza usumaku wa dunia ilizalisha volti kama 3,500. Cheche ikaiunguza, ikakatika, setilaiti ikaenda na kamba yake.